Mlango wa Nyuma wa Kushoto

Gari ilikuwa imefungwa milango yote minne na haina mtu ndani. Mabrouk alikuwa amesimama nje anajibandua gundi vidoleni aliposikia mtu anajikohoza. Hakikuwa kikohozi cha mgonjwa. Kilikuwa kile cha mtu mzima anayetaka wenzake wajue kuwa yupo, afanyavyo mgeni mwenye adabu kabla hajaingia uwani kwa watu. Kilitoka nyuma, upande wa kushoto, chini karibu na bati.

Akaufungua mlango ule. Kiti kitupu. Akachungulia chini ya kiti, akaona bisibisi yake iliyopotea tangu asubuhi, akaichukua, akajicheka. "Nshachoka," akajiambia. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Mwembetanga linachoma mabati, na mtu mwenye njaa husikia mengi. Lakini alipoufunga tena ule mlango hakuugusa kwa chini, wala hakuutazama kwa chini, kwa sababu alijua mwenyewe alichokitia humo.

Na hapo ndipo pa kuanzia. Hadithi hii isiposimuliwa tangu kwenye kosa, itaonekana kama jini ndiye mkorofi, na maskini jini wa watu hakuwa na ubaya na mtu.

Mabrouk alikuwa fundi wa kufunga miziki kwenye magari, na fundi hasa, si wale wa kuunga waya kwa meno. Yeye kabla ya kufunga redio huziba kwanza kelele za gari yenyewe. Hutoa viti, hutoa mazulia, huvua milango makava yake mpaka ikabaki bati tupu. Kisha husafisha bati kwa spiriti, akabandika vipande vizito vya lami vyenye karatasi ya fedha juu, akavikandamiza kwa kigurudumu kimoja kimoja mpaka vishikane. Ukigonga mlango kabla ya kazi hiyo unalia debe. Ukigonga baada yake unajibu kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeshiba. "Spika nzuri kwenye gari ya kelele," alipenda kusema, "ni biriani kwenye sahani haikuoshwa."

Gari yenyewe ilikuwa Pijo 404 nyeupe, ya zamani, mali ya marehemu Matar, ambaye mchana alikuwa dereva wa wizara na jioni mpiga fidla. Aliyeileta ni mjane wake, Bi Ummkulthum wa Vuga, muuguzi mstaafu, mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Alikuja na mfuko wenye kanda saba.

"Shikamoo, Bi Ummkulthum."

"Marahaba, mwanangu. Miye sitaki makelele ya vijana, gari inatetema mpaka watu wanatoka madirishani. Nnataka kimya. Nikifunga mlango nisisikie honi wala muuza mikate. Nimsikie Matar tu."

Kanda zile Matar alizirikodi mwenyewe nyumbani akijifunza nyimbo. Humo alipiga, akakosea, akacheka, akaagiza kahawa, akataniana na mkewe. "Picha zake nnazo chungu nzima," Bi Ummkulthum akasema. "Sauti yake imo humu tu. Sina pengine pa kumsikia."

Alileta pia boksi la vipande vya kuzibia alilotumiwa na mpwawe kutoka Dubai, kiasi cha kutosha gari nzima. Alitaka kazi iishe upesi, kwa kuwa Shaaban ilikuwa inaingia, na Ramadhani yeye hasikilizi muziki.

Sasa sikiliza ujinga wa fundi. Wiki ile ile alikuja kijana mwenye harusi, ana haraka, na Mabrouk akachukua nusu ya vipande vya Bi Ummkulthum akavibandika kwenye gari ya bwana harusi, kwa nia ya kutafuta vyengine Jumamosi. Jumamosi maduka ya Darajani hayana. Jumatatu hayana. Bi Ummkulthum anapiga simu. Na kwenye stoo ya Mabrouk, zimeegemea ukuta, zilikuwamo roli mbili za zulia la msikiti.

Zulia lile halikuwa lake. Msikiti wa mtaa wao, kule Mkunazini, ulipata zulia jipya, na la zamani likaonekana litafaa msikiti mdogo wa shamba, Kizimbani, ambako watu walikuwa wakisalia majamvi yaliyotoboka. Baada ya sala ya Ijumaa, Maalim Simai, imamu, alisimama akasema, "Ndugu yetu Mabrouk ana gari ya mizigo, atatufikishia kabla ya Ramadhani." Watu wakanyanyua mikono wakamwombea dua, safu kwa safu, na yeye akaitikia "Aamin" huku kifua kimemjaa. Wiki tatu zilikuwa zimeshapita tangu siku hiyo, na kila siku alisema kesho.

Hata mtoto wa chuoni anajua kuwa kitu cha wakfu hakiuzwi, hakirithiwi wala hakigeuzwi matumizi. Mabrouk alijua. Ndiyo maana alipochukua kisu, yeye ambaye hakati hata waya bila ya kusema Bismillahi, siku ile hakuisema. Ulimi ulikataa.

Alikata kipande cha mwisho tu cha roli moja, akijiambia kuwa watu wa Kizimbani hawataona pungufu. Zulia lilichorwa vimihirabu, kila kimoja nafasi ya mtu mmoja, na alichokikata ilikuwa ncha ya safu, pale penye nguzo. Nafasi ile ilikuwa imelika kuliko zote: mashimo mawili ya magoti na moja la paji la uso, nyuzi zimekwisha mpaka kitambaa cha chini kinaonekana. Hapo akasita, kwa kuwa tangu udogo wake alijua kuwa pale penye nguzo hapasimami mtu. Watu walisema pana baridi. Safu ikijaa ilianzwa nyengine nyuma, ile nafasi ikaachwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

"Nani atajua?" akasema. Akakipaka gundi, akakibandika ndani ya mlango wa nyuma wa kushoto, akakifunika kwa vipande vya fedha vilivyobaki ili atakayefungua aone kazi safi, akarudishia kava na kukaza skurubu.

Siku ya kuja kuichukua, Bi Ummkulthum alikaa nyuma, kushoto. Ndipo mahali pake. Matar alikuwa akimpakia hapo kwa utani na kumwita mke wa waziri. Mabrouk akafunga milango, na mtaa mzima ukazimika: honi, watoto, cherehani ya jirani. Fidla ikaanza. Yule mama alilia bila ya sauti, mikono mapajani, kanda nzima. Kisha akateremka akamshika Mabrouk mikono yote miwili.

"Mungu akustiri, mwanangu. Akustiri duniani na akhera."

Mabrouk akaitikia Aamin, na uso ukamwaka moto, maana katika dua zote zilizopo yule mama alichagua hiyo.

Hazikupita siku nne akarudi, karibu na Adhuhuri, anaendeshwa na kijana wa jirani yake ambaye alishuka akaenda zake kununua sigara. Bi Ummkulthum alibaki amesimama nje ya gari.

"Mlango unagonga, Mabrouk."

"Unagonga vipi, bibi?"

"Mara mbili. Halafu kimya. Halafu mara mbili tena. Na gari imesimama, haikuwashwa."

"Itakuwa spika imelegea. Nipe dakika moja."

Akaingia nyuma akaufunga mlango, ili asikie vizuri. Adhana ya Adhuhuri ilikuwa imeshakwisha. Ndani mlikuwa kimya kama alivyokitengeneza mwenyewe, kimya cha kazi nzuri, na kwanza akajisifu. Kisha pua ikamwambia kitu: harufu ya maji ya birika la msikiti, ya nyayo zilizolowa, ya udi uliopoa tangu jana. Akashusha mkono chini akakuta zulia la miguuni limerowa, mbichi, na mvua haikunyesha wiki nzima. Na hapo, ndani ya mlango, chini ya goti lake, kikagonga. Tup. Kikatulia kiasi cha mtu kukaa kitako na kuomba maghufira. Tup.

Kikanyamaza kwa muda mrefu zaidi, na katika unyamavu ule palikuwa na mnong'ono wa chini sana, usioshikika maneno, lakini mwendo wake Mabrouk aliujua kwa kuwa ni mwendo alioujua tangu hajaota meno ya pili. Tup, tup. Akaanza kuhesabu bila ya kutaka. Mara mbili, na mara mbili, na mara mbili, na mara mbili. Rakaa nne. Lilikuwa paji la uso la mtu anayesujudu, na kwa kuwa nafasi yake imesimamishwa wima ndani ya mlango, alikuwa akilipiga kwenye bati, sijida baada ya sijida, na mara ya mwisho ilipokwisha kitu kile kikatoa salamu kuliani, halafu kikageuka kushoto, na pumzi ya salamu ya pili, baridi, ikampita Mabrouk usoni.

Akatoka nje, akashika ukingo wa mlango.

"Umeona nini?" Bi Ummkulthum akauliza kwa sauti ya chini.

Angeweza kusema. Neno lilikuwa pale pale mdomoni. Lakini alimwona yule mama na buibui lake lililopigwa pasi, akakumbuka mikono ile miwili na ile dua, akaona haya. Haya nyengine humzuia mtu asifanye baya, na nyengine humzuia asiliseme alilokwisha kulifanya. Ya Mabrouk ilikuwa hii ya pili, na hii haina faida.

"Ni spika, bibi. Wallahi ni spika."

Nyuma yake, ndani ya ule mlango aliouegemea, mtu akavuta pumzi ya masikitiko. "Astaghfirullah," ikasema, taratibu, karibu na kiwiko chake. Bi Ummkulthum hakusikia. Mabrouk akakaza skurubu mbili ambazo hazikulegea, akamuaga.

Ijumaa alikwenda msikitini kwa kuwa asiyekwenda huulizwa. Akakaa safu ya nyuma. Maalim Simai alimfuata mpaka kwenye viatu.

"Ee, Mabrouk, lile zulia lishafika Kizimbani?"

"Lishafika, Maalim."

"Wamefurahi?"

"Wamefurahi sana. Wanakusalimu."

"Allah akulipe," Maalim akasema, na Mabrouk akavaa viatu kinyume, cha kulia kushoto, akatembea hivyo hivyo mpaka Darajani asijue.

Kesho yake akapiga simu kumwomba Bi Ummkulthum amwachie gari siku moja tu. Alishapanga: atalivua lile pande, atalipeleka shamba pamoja na roli zake, mambo yatakwisha kimya kimya. Lakini yule mama akajibu, "Iache, mwanangu. Nshajua ni nini. Njoo Magharibi uje usikie mwenyewe."

Gari ilikuwa imeegeshwa chini ya ukuta wa nyumba yake, Vuga. Walikaa wote wawili kiti cha nyuma, Bi Ummkulthum kushoto, Mabrouk kulia, milango imefungwa. Adhana ya Magharibi waliiona kuliko walivyoisikia. Waliona watu wanapita na kofia zao, midomo inatembea, hapana sauti.

"Sikiliza," Bi Ummkulthum akanong'ona.

Harufu ikaja kwanza, ile ile ya maji ya birika na udi uliopoa, na vioo vikaanza kufanya ukungu kwa ndani kama kwamba watu waliokuwamo mle hawakuwa wawili. Kisha maji yakachuruzika kutoka chini ya kava la mlango, uzi mwembamba, yakafika kwenye kiatu cha yule mama naye hakukiondoa. Zikaja zile mbili za kwanza, tup, tup, na Mabrouk akafumba macho, na zikaja mbili nyengine, na alijua kuwa zitakuja mbili tena halafu basi, kwa sababu Magharibi ni rakaa tatu, na aliomba kwa moyo wake wote zije nne, zije tano, zije ovyo ovyo kama spika iliyolegea, ili yawe kweli yale aliyoyaapia, lakini zikaja mbili kama zipasavyo, zikakoma.

"Ni Matar," Bi Ummkulthum akasema.

Mabrouk akafumbua macho.

"Watu wakimsema, enhe, wakisema anajua fidla kuliko kibla. Na kweli, mwanangu, nikwambie na Mungu anisamehe, sala zilikuwa zikimpita. Akirudi alfajiri hoi, analala mpaka jua linapanda. Miye nilikuwa namwona. Sikumwamsha, nikimwonea huruma." Akaweka kiganja kwenye kava la mlango. "Sasa anakidhi, anazilipa zilizompita. Miaka yote ile anaikidhi humu garini, na miye namwekea fidla masikioni. Usimwambie mtu. Aibu yake ni yangu."

"Bi Ummkulthum..."

"Mungu amsamehe mume wangu."

"Aamin," ikasema sauti kutoka mlangoni.

Ilikuwa sauti kavu ya mwanamme mzee, si ya Matar wala ya mtu yeyote wa mtaani, na ilisema kwa upole, kama vile mtu asikiavyo dua ya jirani akaiitikia kwa kuwa ndiyo ada. Bi Ummkulthum akajifunika uso kwa ushungi. Mabrouk aliogopa, lakini hofu haikuwa kubwa kuliko fedheha. Aliyekuwa akilia mbele yake alikuwa akiona haya kwa niaba ya marehemu asiye na kosa, na mwenye kosa amekaa hapo, ubavuni pake, mzima.

"Nitazitia moto zile kanda," yule mama akasema. "Labda atapumzika. Unaonaje, mwanangu?"

Hii ndiyo nafasi ya mwisho iliyombakia Mabrouk kusema kweli. Neno moja tu lilitakiwa, na asingelihitaji hata kusimama.

"Labda, bibi," akasema.

Akaenda zake. Hakula. Mkewe, Nadra, alimuuliza mara mbili kama anaumwa, akasema kichwa. Alipotaka kusali hakuweza kwenda sijida. Kila alipoinama alihisi paji lake litakuta bati. Ilipofika alfajiri alikuwa ameshakata shauri kumweleza yule mama kila kitu, na ilipopambazuka vizuri alikuwa ameshafika Vuga, anabisha hodi.

Alinusa kabla hajafunguliwa. Bi Ummkulthum alikuwa uwani, amekaa juu ya kibao cha mbuzi mbele ya seredani, na kwenye makaa palikuwa na donge jeusi linalotoa povu. Utepe wa kahawia ulikuwa umening'inia ukingoni, unajikunja. Mfuko ulikuwa pembeni, mtupu.

"Nimezianza baada ya Alfajiri," akasema, bila ya kugeuka. "Moja moja. Nilikuwa nnasoma Fatiha kila moja."

Mabrouk akapiga magoti sakafuni. Akasema yote: vipande vya Dubai, bwana harusi, roli mbili za wakfu, kisu, mlango. Alisema na kiapo alichokiapa. Alisema kuwa jana garini alijua ukweli. Alizungumza haraka, akiogopa kwamba akipumzika atapunguza kitu.

Bi Ummkulthum alichukua koleo akauokota ule utepe uliobaki, urefu wa kiganja, akauweka mkononi. Aliutazama sana.

"Kwa hiyo si Matar," akasema.

"Si Matar, bibi."

"Na jana miye nimemsengenya mume wangu mbele yako. Nimemvua nguo marehemu." Hakupaza sauti. Angelipaza ingelikuwa nafuu. "Nenda kamwite Maalim wenu. Mwambie mwenyewe, mbele ya watu. Usimwambie pembeni."

Mabrouk alimwambia mbele ya watu. Ilikuwa baada ya Adhuhuri, jamaa hawajatawanyika, na wapo waliodhani anataka kutangaza maiti. Alipofika kwenye salamu za Kizimbani alizozitunga, mzee mmoja akasema "Lahaula" na kugeuka ukutani. Maalim Simai hakumkemea. Alikwenda akachukua fimbo yake na chetezo, wakaongozana mpaka Vuga, na nyuma yao walikuja watu saba au wanane.

Maalim hakusoma kwa ukali kama afanyavyo kwa majini wa kupanda watu. Aliufungua ule mlango wa nyuma wa kushoto, akaufukiza, akasema, "Assalaam alaykum."

"Waalaykum salaam, Maalim." Sauti ilitoka katikati ya kava. Wawili katika waliofuatana nao wakarudi hatua. "Sikukosa safu kwa kutaka. Safu yangu haipo."

"Tunajua. Tuwie radhi. Wewe ndiye wa pale nguzoni?"

"Tangu zilipokuwa ni mikeka. Nani alikata?"

Maalim akamtazama Mabrouk. Mabrouk akasogea mpaka magoti yakagusa kizingiti cha gari.

"Ni mimi."

"Mwana wa nani?"

Kwa majini mtu hutajwa kwa mama yake. Mabrouk alitamani ardhi ipasuke. Mama yake alikuwa hai, Kikwajuni, mwanamke aliyeamka kila alfajiri miaka hamsini, na sasa jina lake lingeingia ndani ya jambo hili.

"Mabrouk, mwana wa Tabia," akasema.

"Mabrouk mwana wa Tabia," sauti ikarudia, kwa utaratibu wa mtu anayetaka asisahau. "Nimesujudia bati siku kumi na moja. Nimesikia viatu juu ya kichwa changu. Nimekusikia ukimwapia Mungu nami nipo." Kisha ikageuka upande wa barazani, alipokaa Bi Ummkulthum. "Mama. Huyo mwenye fidla simjui. Hakuwamo humu hata siku moja. Nilitaka kukwambia, sikujua utaogopa kiasi gani."

Bi Ummkulthum alitikisa kichwa kuwa amesikia. Mkono wake ulikuwa umeufumbata ule utepe.

Mabrouk alilivua pande lile kwa kisu cha moto, polepole, na safari hii alisema Bismillahi kwa sauti, watu wakimtazama. Lilitoka na gundi, limejaa maji, zito kuliko linavyostahili. Siku ile ile roli zote zilikwenda Kizimbani. Watu wa kule walipoona lile pande limekatika na gundi nyeusi mgongoni waliuliza kulikoni, na ikambidi aseme tena, kwa mara ya tatu kwa siku moja, na watoto wa chuo wakisikiliza.

Walilitandika mwisho wa safu. Alasiri ikakimiwa, na Mabrouk akasimama karibu na nafasi ile, kwa kuwa aliona ndiyo adabu, amwombe radhi bega kwa bega. Rakaa ya kwanza alimsikia ubavuni pake, tup, na ubaridi ukamgusa mkono. Rakaa ya pili ile sauti ilitoka mbali kidogo. Ya tatu ilitoka upande wa pili wa msikiti, na ya nne ilitoka nyuma kabisa, mlangoni, kwenye sakafu tupu isiyo na zulia. Alipotoa salamu, kwenye saruji palikuwa na nyayo zilizolowa, zinaondoka kutoka alipo yeye.

Siku mbili kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama alipata vipande vizuri kutoka Dar es Salaam. Akaufanya ule mlango upya, akarudisha gari Vuga. Bi Ummkulthum alimpokea kama anavyompokea mtu yeyote. Alijibu shikamoo yake. Akaingia nyuma, kushoto, akaashiria Mabrouk aingie kulia, milango ikafungwa. Redio haikuwa na kitu cha kupiga.

Wakakaa. Nje muuza mikate alipita, mdomo wazi.

"Kabla hujanikabidhi gari mara ya kwanza," Bi Ummkulthum akasema, "ulizijaribu zile kanda. Si kweli?"

"Naam, bibi. Zote saba."

"Ile ya tatu, kabla hajaanza kupiga, anasema neno, kisha anacheka. Linanihusu miye, nnajua. Kila nikiisikiliza nilikuwa nnalia, nikisema nitalisikia vizuri kesho." Akamgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu siku ya seredani. "Wewe hukuwa unalia. Alisema nini?"

Mabrouk aliikumbuka siku ile vizuri sana. Alikumbuka alivyopunguza besi, alivyoongeza kidogo sauti nyembamba, alivyogonga spika ya kulia kwa ukucha. Alikumbuka kuwa mtu alikuwa akizungumza.

Alijua pia kuwa angeweza kutunga. Angesema neno lolote zuri na yule mama angeliamini, angekaa nalo mpaka kufa kwake.

"Sikusikiliza, bibi," akasema. "Nilikuwa nasikiliza spika."

Bi Ummkulthum akaitikia kwa kichwa. Akageuka akatazama mbele, kwenye kiti cha dereva, na hakumwambia atoke wala abaki.